Siku Niliyoshika Honi Njia ya Busi

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi hii sasa mna bahati, na bahati yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi. Greda mnazopewa zina vioo pande zote, zina kiyoyozi, zina redio. Juzi kijana mmoja wa karakana alinipandisha kwenye mashine mpya ili mimi, Mzee Yona, nione dunia ilipofika. Nikapanda kwa kujikongoja, akafunga mlango, akawasha baridi, akaweka kwaya. Raha kweli. Nikamwuliza, "Sasa mwanangu, mlima ukikuita humu ndani utausikia?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. Aliona mzee ameanza kuzeeka vibaya.

Ndiyo maana wenzangu wastaafu waliponiambia niwaandikie vijana maneno mawili matatu kuhusu kazi, nilikubali haraka kuliko kawaida yangu. Nimeendesha mashine za barabara tangu sijaota ndevu za maana mpaka ndevu zikaota mvi. Nimeendesha greda, katapila, na kile tunachokiita kijiko, mashine ya kuchota udongo na kupakia. Nimechonga barabara za Dodoma kuanzia Zuzu mpaka vilima vya Kondoa. Watu wakisikia Dodoma wanawaza vumbi. Mimi nawaza tope.

Na niseme mapema ili msije mkanisingizia ushujaa: mimi ni mwoga. Mke wangu husema nilizaliwa nikiwa tayari nimeshtuka. Wingu likijikunja upande wa mashariki, nasukuma sahani ya chakula kando hata kama nimekaa sebuleni kwangu Chamwino, tambarare tupu, hakuna kilima cha kuniangukia. Ninyi mtaniona mzee wa wasiwasi. Sawa. Wasiwasi huo ndio ulionifikisha kwenye kiinua mgongo nikiwa na miguu yote miwili.

Mlima unaita hivi. Kwanza vinadondoka vijiwe, kimoja, kisha kingine, halafu vinafuatana kama mtu anamwaga karanga kwenye ungo. Hapo bado una muda. Kisha mizizi inaanza kukatika ndani ya udongo, na sauti yake ni ya kitambaa kinachochanwa taratibu. Hapo muda umepungua. Mbaya kuliko zote ni ukimya. Korongo limekuwa likinguruma kando yako tangu asubuhi, ghafla linanyamaza, na mvua bado inanyesha. Maji hayajaisha. Yamezibwa huko juu, yanakusanyika, na yakija hayatakuja peke yake. Ukisikia ukimya huo usiitishe kikao. Ondoka, na aliye karibu yako mvute shati.

Haya nilifundishwa na Mzee Ndahani, opereta wa zamani, Mgogo wa Zuzu, aliyekuwa akivaa sweta la sufu jua la saa saba na kusema ndilo linalomkinga na joto. Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kabla mashine haijagusa kifusi kilichoporomoka, unazima injini, unashuka, unasikiliza kwa muda wa kuvuta sigara moja. Yeye alikuwa anavuta kweli. Mimi sivuti, kwa hiyo nilisimama tu pembeni nikimeza moshi wake. Wakubwa wa kazi walikuwa wanapita na gari wanakuta mashine imezimwa, watu wawili wamesimama wanakodolea macho kilima, wanatikisa vichwa na kwenda zao. Mzee Ndahani aliwapungia mkono kwa heshima zote na kuvuta tena.

Kanuni ya pili ilikuwa usikate miguu ya mlima. Udongo ukishuka ukaziba barabara, ule wa chini kabisa ndio unaoushikilia ulio juu. Ukiuchota wote kwa pupa, wa juu unakosa pa kukanyaga, nao unakaa chini. Nilikuwa nimeambiwa hivyo, na sikuwa nimeamini. Siku moja mzee alikwenda kunywa chai, nikasema ngoja arudi akute barabara inang'aa. Ikang'aa. Nilinyoosha kingo, nikashuka kuokota mpaka mawe madogo kwa mkono. Aliporudi alisimama mbali, akatazama kazi yangu, akatazama juu, akaniita kwa kidole. Nikaenda nikijua napongezwa. Sikuwa nimemfikia bado, mlima ukakaa barabarani, wote, na kikapu changu cha chakula kikiwa chini yake. Mzee alinipa nusu ya chapati yake bila kunigombeza. Lakini tangu siku hiyo mpaka alipostaafu, kila asubuhi alinisalimu kwa Kigogo mbele za watu, "Mbukwa, mkata miguu!" na kambi nzima ikaitikia kwa niaba yangu.

Nimewahi pia kuegesha boza la maji katikati ya korongo kavu kule karibu na Chamwino. Jua kali, mbingu safi, mchanga mweupe, kina mama wanachimba visima vyao vya kuchota maji. Tukaona hapa pana kivuli cha ukingo, tukabandika sufuria ya ugali. Baada ya muda kina mama wakajitwika ndoo zao nusunusu na kuondoka. Mmoja akageuka akatuuliza kama tunasubiri mtu. Tukacheka, tukasema tunasubiri ugali uive. Hakucheka. Mvua ilikuwa imenyesha milimani huko tusikokuona, na maji yalikuja yakisukuma magogo mbele, bila tone moja juu ya vichwa vyetu. Tulitoka na roho zetu. Boza lilikutwa mbali sana limelala ubavu, na ule ugali sijui nani aliula.

Mnacheka, nami nikiyasimulia nacheka. Lakini kosa linalonitisha zaidi si la maopereta, ni letu sote tuliozaliwa huku. Sisi hatujui kuiogopa mvua. Tunaililia miezi na miezi, tunaiombea kanisani na msikitini, wazee wengine wanaiombea kwa njia zao. Ikija, nani ataikimbia? Mtoto anatoka nje kuchezea. Na tope likishuka kutoka mlimani likamwagika mdomoni mwa korongo, macho yetu hayaoni maafa, yanaona shamba. Ni udongo mweusi wenye unyevu, umeletwa bure katika nchi ya ardhi iliyochoka. Tunaupanda mahindi, yanatoka mazuri, tunafurahi, tunajenga nyumba karibu na mahindi. Hakuna anayejiuliza kilichouleta udongo ule kitarudi lini.

Nyumba ya Iddi ilikuwa juu ya udongo wa namna hiyo.

Tulikuwa tumetumwa kufungua njia ya kwenda Busi, huko vilima vya Kondoa, imezibwa na tope baada ya mvua kubwa. Nilikuwa mimi na kijiko changu, pamoja na Injinia Neema, binti aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa, mwenye buti safi na maneno machache. Niliwaza yale ambayo sisi wazee huwaza tukiona buti safi. Niliwaza bure, kama mtakavyoona. Asubuhi hiyo, mvua imepungua kuwa manyunyu, akaja mtu na bodaboda, tope mpaka kwenye kope. Mlima umeshuka kwenye kitongoji cha juu. Nyumba imefukiwa na mwenye nyumba, Iddi, yumo.

Tulipofika nilikiegesha kijiko pembeni, kwenye mwamba, nikazima, nikashuka. Nyumba ilikuwa tembe, ile nyumba yetu ya paa bapa la udongo lililobebwa na boriti. Haikuonekana ila pembe moja ya ukuta. Juu yake, kilima kilikuwa na kidonda chekundu kilichokuwa bado kinavuja. Majirani walikuwa wanachimba mahali palipokuwa na chumba, kwa majembe, kwa makarai, kwa mikono. Aliyekuwa mbele yao ni Salimu, mdogo wake Iddi, kijana mwenye mabega na sauti.

"Mzee, leta kijiko!" akaniita. "Leta uchote hapa chini!"

Hapo chini ndipo hasa ilipokuwa miguu ya mlima. Nikasimama, nikasikiliza. Vijiwe vilikuwa vinadondoka, kimoja kimoja. Neema alichukua vigingi na uzi wa kupimia kutoka garini, akaanza kupanda kwa pembeni, kwenye mawe.

Wakati huo akatokea mkewe Iddi, Mwanaidi, anatoka mashine ya kusaga. Ana debe la unga kichwani, na mtoto wao mchanga, Zuhura, mgongoni. Hakupiga yowe. Aliweka debe chini taratibu, kama anayeogopa kumwaga, akawatazama wanaochimba.

"Mnachimba wapi?" akauliza. "Mvua ikinyesha Baba Zuhura hakai ndani. Anakuwa juu anaziba."

Kila aliyekulia kwenye tembe angepaswa kukumbuka hilo, nami nikiwamo. Paa la udongo huvuja, na mvua ikishika kasi mwanamume wa nyumba hupanda juu na majivu na udongo wa kichuguu, akaziba huku akikanyagakanyaga kwa miguu. Iddi alikuwa juu ya paa mlima uliposhuka. Hakufukiwa chumbani. Alitupwa chini, upande wa zizi.

Wakahamia zizini. Haikupita muda Salimu akapiga kelele, maana jembe lake lilikuwa nusura limguse kaka yake kichwani. Wakamfukua uso kwa vidole. Iddi akakohoa, akatema tope, akauliza kama ng'ombe wametoka. Watu wakalia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa amesimama wima ndani ya udongo, amebanwa kwenye nguzo za zizi, boriti ya paa imemlalia miguu na mkono mmoja. Mwanaidi akapiga magoti akaushika mkono ulio huru. Mtu akakimbilia msumeno.

Neema akateremka, anahema. Akaniita kando.

"Mzee Yona, juu kuna ufa. Mbuzi anaingia mzima. Nimepiga kigingi huku na kigingi huku, nimefunga uzi katikati. Sasa hivi uzi umelegea. Ukikazika, maana yake mlima umeanza safari."

"Kwa hiyo mashine?"

"Mashine isiguse kitu. Ninachotaka ni honi yake. Mimi narudi kukaa na ule uzi, nitasimama kwenye mwamba ulio pembeni. Nikiinua kanga, piga honi, na watu wote watoke, hata kama wamebakiza kidogo. Naomba sana, mzee, unitazame mimi tu. Usitazame wanachofanya huku chini. Ukitazama huku utanikosa."

Akaazima kanga nyekundu kwa mama mmoja, akawaeleza wachimbaji habari ya honi. Wakaitikia ndiyo, kama watu wanavyoitikia wakiwa hawasikilizi, akapanda tena. Nikaingia kwenye kijiko, nikafungua kioo, nikaweka mkono juu ya honi, macho juu.

Nimeendesha mashine usiku na mchana, nimepita kwenye madaraja yaliyobakiza mbao tatu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kukaa. Ukungu ulikuwa unapita kileleni. Neema alikuwa anaonekana, anapotea, anaonekana. Kila alipopotea nilitoa kichwa nje na mvua ikanipiga usoni, najiuliza kama ameinua kanga ndani ya ukungu na mimi nipo nimekaa. Chini yangu nilisikia kila kitu. Nilisikia makarai yakigongana, Iddi akiomba maji, Mwanaidi akimwambia anywe polepole, na msumeno ukiingia kwenye boriti. Mti ule ulikuwa mgumu, wa kale. Kwa sauti yake nilijua umeingia robo, kisha karibu nusu. Shingo yangu ilikuwa inataka kugeuka yenyewe, ikawa kama si yangu.

Salimu akapaza sauti, "Mzee, mashine yote hiyo, na wewe umekaa kama bwana harusi! Shuka basi hata ushike karai!"

Nikabaki na macho juu. Niliumia, nisiwafiche. Nilitaka sana kushuka nishike karai.

Kisha kanga ikainuka.

Nilitamani iwe upepo. Hilo ndilo wazo langu la kwanza, na ninawaambia ili likiwajia msilishangae. Ikainuka tena, ikapepea huku na huku, na Neema mwenyewe akawa anaruka kwenye mwamba. Nikakandamiza honi.

Watu walitoka. Nilisikia miguu ikinipita pande zote mbili za mashine, majembe yakidondoka, mtu akimwita Mungu. Salimu alikuwa wa kwanza kupita, na simlaumu, hivyo ndivyo walivyoagizwa. Kazini tunapiga mara tatu ndefu, halafu kimya, ili tuusikie mlima. Sikunyamaza. Katikati ya honi na honi nilisikia sauti ya Mwanaidi, "Siendi! Siendi!" na sauti ya Iddi ikisema kitu chini chini ambacho sikukishika. Nikapiga tena, nikapiga, macho yangu yako juu kwenye kanga na kwenye ule ukingo ulioanza kuinama. Nilikuwa nalia na nilikuwa napiga honi. Mwishowe Mwanaidi akapita kando ya mlango wangu, mtoto analia mgongoni, mikono yake miwili ameinyoosha mbele kama ameungua.

Mlima ulishuka. Haukushuka wote. Kipande kilikatika, kikafuata korongo, kikala ile pembe ya ukuta iliyobaki, kikatapakaa. Ardhi ilitetemeka chini ya mashine. Kisha mlima ukanyamaza, na mimi nikagundua bado nimekandamiza honi na betri imeanza kuishiwa, inakoroma.

Hapo ndipo nilipotazama chini kwa mara ya kwanza. Kichwa cha Iddi kilikuwa bado kipo. Tope lilikuwa limemfika kidevuni, limesimama hapo.

Neema alipoona kilichobaki juu kimetulia, aliteremka akaruhusu watu warudi. Safari hii nilishika karai. Tulimfukua kwa sufuria na sahani za bati, Salimu akamaliza ile boriti, tukambeba juu ya mlango mpaka kwenye gari la kumpeleka hospitali. Aliishi. Mguu mmoja haukunyooka tena. Sifa zote nilipewa mimi kwa sababu mimi ndiye niliyepiga kelele. Neema alikuwa kando, anaosha buti zake kwenye dimbwi.

Nilistaafu muda mfupi baadaye. Nina mizabibu yangu michache hapa Chamwino, naipalilia na kuipigia kelele. Siku moja nikamwona mtu anakuja kwenye kijia anachechemea, ameshika dumu la asali. Nilimtambua kwa namna moyo wangu ulivyoruka kabla ya macho.

"Shikamoo, baba," akasema Iddi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mama Zuhura hajambo?"

Akakaa kwanza, akanywa maji. Nilijua kinachokuja. Nilijua atanidai ule muda aliokaa peke yake na mlima, kila mtu amemkimbia kwa sababu ya honi yangu. Nilikuwa nimeuandaa utetezi wangu miaka yote hiyo.

"Honi ile ilinisaidia," akasema. "Niliposikia haikomi, nikajua kuna mtu hajaondoka. Nashukuru. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kwa ajili ya mama watoto."

Akanieleza. Hakuna mtu kijijini aliyemnyooshea Mwanaidi kidole, nani angethubutu, wote walikuwa wamekimbia. Ni yeye mwenyewe. Anampikia, anamfulia, anamkanda ule mguu kila jioni, lakini hakai naye. Anakula jikoni. Hamtazami usoni. Siku moja tu ndiyo alisema, kwamba mtu anayeachia mkono wa mumewe hana haki ya kukaa naye mkeka mmoja.

"Na hakuniachia, baba. Mimi ndiye niliyeuchomoa. Ulikuwa na tope, unateleza, nikauzungusha nikauchomoa, nikamwambia apeleke mtoto. Nimemwambia mara nyingi. Anasema namhurumia. Anasema aliyekuwa ametukabili ni mmoja tu, wewe, kule juu kwenye mashine. Uliona, si ndiyo? Njoo umwambie ulivyoona."

Mke wangu aliyekuwa anachambua mchicha alisimamisha mikono akanitazama.

Tulikwenda na basi la asubuhi. Njia nzima mvua ilikuwa inatishia, na Iddi alilala, mimi nikawa nahesabu makalvati ya kupitisha maji. Siku hizi wanaishi juu, karibu na shule, nyumba ya bati. Shamba bado wanalima palepale chini, mahindi yanapendeza, na nilitaka kusema jambo juu ya hilo nikalimeza kwa siku hiyo. Zuhura amekuwa binti wa shule, alinipokea mkoba.

Mwanaidi alinisalimu, akatandika mkeka, akaleta chai na magimbi. Iddi akabaki nje amejishughulisha na banda la kuku ambalo halikuwa na tatizo lolote. Yule mama akakaa mbele yangu, ameshika ungo mtupu.

"Baba, umeletwa," akasema.

"Nimekuja mwenyewe, mwanangu."

"Haya. Uliona?"

Nimewaandikia hapo juu kazi yangu siku ile ilikuwa kutazama wapi. Niliitazama kanga, niliutazama ukingo wa mlima, na sikugeuza shingo hata mara moja, na kwa sababu hiyo watu walitoka hai. Sikuona mkono wa mtu yeyote. Hata leo sijui kama Iddi alisema kweli au ni mapenzi tu. Angeweza kuwa amekaa miaka mingi akiutunga uongo huo kwa ajili ya mkewe, na mimi ningemheshimu zaidi.

"Niliona," nikasema.

"Mkono upi?"

Nikakumbuka siku ile tulipokuwa tunamfukua, ni upande gani tuliokuta mkono umebanwa, nikachukua ule mwingine.

"Wa kushoto."

"Ulifanyaje?"

"Uliushika kwa mikono yote miwili. Akauzungusha hivi, akauchomoa. Ukataka kuudaka tena, akauficha nyuma ya nguzo. Ndipo ulipoinuka."

Hiyo ya nguzo niliiongeza mwenyewe, sijui ilitoka wapi. Maisha yangu yote kazini sikuwahi kutoa taarifa ya kitu nisichokiona. Mtu akiniuliza kama daraja linapitika na sijalikanyaga, namwambia sijui. Nilikaa pale na chai mkononi naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kilima chochote, maana kama angeuliza tena ningekuwa nimekwisha.

Hakuuliza. Alitazama viganja vyake, akivigeuza. Kisha akauweka ungo kando, akaita kuelekea nje.

"Baba Zuhura. Njoo, chai inapoa."

Iddi akaingia anachechemea, akasimama mlangoni. Mwanaidi akasogea kwenye mkeka.

Mvua ikaanza kupiga bati. Mimi nikainuka palepale, mkono tayari uko kwenye kofia, nitoke nikasikilize ule mlima.

"Kaa, baba," akasema Mwanaidi, akinimiminia kikombe kingine huku bega lake limeegemea la mumewe. "Kaa unywe chai."

Nikakaa, mlima nimeupa mgongo.